Bonde Lililoandikwa Pori

Jumamosi, 6 Julai 2024

Safu ya tatu leo. Hatua tisa, mchikichi. Hatua tisa, mchikichi. Hatua nane na nusu, kisiki. Nimeandika vyote, hata kisiki. Nyasi zinanifika kifuani. Upupu umenila mikono yote miwili.

Jumamosi ya tano hii nashuka bonde la Nyakabere. Siku tano za juma nafundisha historia sekondari huko Gungu. Ya sita napanda bodaboda, napita Simbo, nashukia kijijini, kisha nateremka kwa miguu. Shahada ya uzamili, na miaka yangu arobaini na mitatu. Walimu wenzangu wanasema nimechoka kupumzika.

Mada yangu ni hii: nani alilima bonde hili kabla watu hawajahamishiwa barabarani miaka ya sabini, na alilimaje. Ukilitazama ni pori. Ukilitazama kwa haraka.

Leo nimekuta mstari wa minyaa katikati ya kichaka, umenyooka, halafu unakata kona. Minyaa haikati kona yenyewe. Kuna mtu aliipanda iwe ua wa nyumba yake.

Bibi Veronika bado hanipendi. Ana miaka sabini na minane, kazaliwa humu bondeni, siku hizi anakaa kijijini na kushuka kila asubuhi kwenye chikichi zake. Nikimuuliza swali ananipa kazi. Leo nimesukuma mti wa mashine ya kukamulia mawese tangu saa nne hadi saa saba.

"Unataka historia? Sukuma kwanza," alisema.

Nimesukuma. Daftari limelowa mawese. Nimepata majibu mawili. Nimerudi nyumbani nikijisikia mkubwa.

Jumapili, 7 Julai

Ujiji kwa Baba, kama kila Jumapili. Ugali wa muhogo, mgebuka, sombe. Baba ana miaka sabini, karani mstaafu, anasoma gazeti mpaka tangazo la mwisho. Kwa kawaida nikimweleza utafiti wangu ananiuliza maswali mpaka chakula kinapoa. Leo nimetaja Nyakabere kwa mara ya kwanza. Akasema samaki ana miiba, nile polepole. Basi.

Msimamizi wangu wa chuo amejibu ujumbe. Anasema michikichi si ushahidi. Mkoa mzima inajiotea, tumbili na ndege wanabeba chikichi na kuziangusha popote. Nitafute nyaraka.

Nimekasirika. Ndege anayeangusha mbegu kila baada ya hatua tisa sijawahi kumwona.

Jumatano, 10 Julai

Kidato cha pili. Kilimo cha zamani. Nimeandika ubaoni kama ninavyoandika kila mwaka: zana duni, mavuno haba, watu wakihama ardhi ikichoka. Nikasimama na chaki mkononi. Miaka kumi na mitano nafundisha sentensi hiyo. Sijawahi kumuuliza mkulima hata mmoja.

Na mimi ni mtu wa Ujiji. Tumekua tukiwaita watu wa shamba. Walikuja sokoni na mawese, tukanunua, wakarudi kwao. Kwao wapi, hatukuuliza.

Nimefuta ubao. Nimewaambia wanafunzi tutarudia somo hili nikishajua.

Jumamosi, 13 Julai

Ramani imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Rangi nzuri sana. Makazi ya njano, shule ya buluu, mashamba ya kijani. Nyakabere ya kijivu: *ardhi isiyotumika.*

Ni mpango wa matumizi ya ardhi. Kuna kampuni inalitaka bonde lote, ipande michikichi ya kisasa. Yaani watang'oa michikichi ili wapande michikichi. Mkutano mkuu wa kijiji utaamua tarehe 24 Agosti.

Kaya kumi na moja bado zinavuna kule chini. Hakuna hata moja yenye karatasi. Bibi Veronika aliniuliza huku anapepeta mise, zile kokwa za chikichi, hakuinua kichwa:

"Hayo unayoandika yataisaidia nini Nyakabere?"

Nilijibu ni ya chuo. Akaendelea kupepeta. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Jumamosi, 20 Julai

Nitaandika kifupi.

Mwenyekiti wa kijiji amenifungulia sanduku la bati lenye karatasi za zamani. Ni mtu mwema, ila ukitaja wakubwa anapunguza sauti. Mende, vumbi, risiti, orodha za michango. Chini kabisa faili la kahawia. Karatasi moja ya mwandiko wa mkono, ya miaka ile ya kuhamia vijijini:

*Bonde la Nyakabere. Limekaguliwa. Pori tupu. Hakuna makazi. Hakuna mashamba. Michikichi iliyopo ni ya kujiotea.*

Ndiyo karatasi waliyoitumia kupaka ile rangi ya kijivu. Mwenyekiti amesema afisa wa mpango ana nakala yake.

Nilikuwa nimeshaujua mwandiko kabla sijafika kwenye saini. Herufi K yenye mkia mrefu. Ripoti zangu zote za shule zilisainiwa kwa mwandiko ule.

Idi Sefu, karani.

Baba.

Jumapili, 21 Julai

Sikwenda Ujiji. Nimempigia simu Baba nikasema nina mafua. Akasema nijifukize mchaichai. Sina mafua.

Jumanne, 23 Julai

Najiuliza maswali ya kijinga. Labda kulikuwa na Idi Sefu mwingine. Labda alifika bonde jingine. Nimesahihisha madaftari arobaini na sikumbuki hata moja.

Jambo ninaloliogopa ni hili. Nikitaka kuonyesha kwamba bonde lililimwa, lazima niseme ile karatasi ni ya uongo. Na uongo una mwandishi. Baba aliyenifundisha kusoma kwa kunifuatishia kidole chini ya mstari.

Naweza kuiacha nje. Niandike tasnifu bila karatasi ile, hakuna atakayejua jina. Lakini afisa anayo. Ataisoma mbele ya watu tarehe 24, na mimi nitakuwa nimekaa kimya nikijua.

Jumamosi, 27 Julai

Leo Bibi Veronika hakunipa kazi. Alichukua panga akaniambia nimfuate.

Tumetembea saa tatu. Anaitaja michikichi kama mtu anayetaja majirani. Huu wa baba yake mkubwa. Hii mitano ya shangazi, aliipanda mwaka aliokuja kuolewa. Hii miwili mifupi ni yake mwenyewe, akiwa binti. Kila aliyefungua shamba la maharage alipanda michikichi pembezoni, ili hata akifa watoto wajue mpaka ulipita wapi. Kati ya miti, maharage na ulezi. Karibu na nyumba, migomba. Chini kwenye maji, magimbi. Kila kitu na mahali pake. Nimechora mpaka penseli ikaisha ncha.

Penye kila ua wa minyaa anasema neno moja: *itongo*. Kwa Kiha ni mahali palipokuwa na mji wa kaya moja, nyumba na ua wake, watu wakaondoka. Nimehesabu matongo kumi na manne. Kwenye moja ameinama akaokota kigae cha chungu, akakigeuza, akakirudisha palepale alipokitoa.

Akaniambia waliondolewa msimu wa kupalilia. Alikuwa na mtoto mgongoni. Maharage yalikuwa na maua. Paa zilitolewa ili wasirudi. Baadaye akaja kijana mwenye daftari, akazunguka siku mbili peke yake, akiandika. Bibi alimwona kwa mbali alipokuwa amerudi kuchimba magimbi kwa kujificha.

"Sijui aliandika nini," alisema.

Mimi najua. Sikusema. Najichukia.

Jumapili, 28 Julai

Mafua ya uongo wiki ya pili. Baba amemtuma jirani aniletee mchaichai.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Wenzangu wamekwenda kwenye maonyesho. Mimi nimekwenda Nyakabere kwa sababu mwenyekiti alinipigia jana: moto umepita bondeni. Nilidhani kazi yangu imeungua.

Nilifika ukingoni mwa kilima nikakaa chini.

Nyasi zote zimekwenda, na ardhi imebaki wazi, nyeusi. Matuta. Mteremko mzima umejaa matuta, yamelala kukingama na njia ya maji ya mvua, moja chini ya jingine, kutoka juu kabisa hadi kwenye magimbi. Mahali penye mwinuko mkali yamezuiwa kwa mawe yaliyopangwa kwa mkono. Nimehesabu sitini upande mmoja tu, nikaacha, macho yalikuwa na maji.

Miezi yote hii nilikuwa nakanyaga juu yake. Nilidhani najikwaa.

Nimeshuka na utepe wa kupimia. Michikichi mikongwe imesimama juu ya matuta, mizizi imeyakumbatia. Kwa hiyo tuta lilikuwepo kabla ya mti. Na mti wenyewe ni wa baba mkubwa wa Bibi Veronika. Ina maana kazi hii ni ya watu waliomtangulia hata yeye. Hakuna kitabu changu kinachosema hivyo. Nitakisema mimi.

Bibi Veronika alinikuta nimepiga magoti, masizi mpaka usoni. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia habari ya matuta.

"Hukuuliza," akasema. "Uliuliza michikichi." Kisha akayatazama yeye mwenyewe kwa muda mrefu. Hajayaona yote kwa pamoja tangu ujana wake. "Tulikuwa watu wa kazi," akasema.

Nimepiga picha mia na kitu. Sijawahi kujivunia kitu nisichokifanya mimi kama leo.

Jumamosi, 10 Agosti

Afisa wa mpango alikuwepo ofisi ya kijiji. Kijana mstaarabu, ananiita Mwalimu, amenipa kiti chake. Nimemwonyesha picha. Amezitazama zote, kwa makini. Akasema ni nzuri.

"Lakini Mwalimu, mimi nafanya kazi na hati. Hati inasema lilikaguliwa, likakutwa pori. Wewe unaniletea nyasi zilizoungua na maneno ya bibi mmoja mwenye mchikichi wake. Nikiulizwa huko juu nitajibu nini?"

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Mwezi mmoja nyuma msimamizi wangu aliniambia hayohayo. Na mimi nimewaambia wanafunzi wangu hayohayo miaka kumi na mitano: penye hati ndipo penye historia.

Kesho nakwenda Ujiji.

Jumapili, 11 Agosti

Nimesubiri amalize kula. Nikaweka simu mezani, picha ya karatasi ikiwa wazi. Baba akavaa miwani. Akaivua. Akaifuta kwa pindo la shuka. Akaivaa tena.

"Nilijua siku uliyotaja Nyakabere," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa na maneno. Yote yaliondoka.

Alikuwa na miaka ishirini. Kazi yake ya kwanza. Aliambiwa akakague bonde, aandike lililobaki. Alikaa siku mbili. Nyumba hazina paa, moshi hakuna, mbwa mmoja tu anazunguka. Aliona maharage yamekauka na maua yake. Aliona matuta. Alihesabu michikichi mji kwa mji, akaandika idadi kwenye daftari, akajaza kurasa sita. Aliporudi mkubwa wake alisoma ukurasa wa kwanza, akamwambia michikichi haihesabiwi, ni mti wa porini. Mahali pasipo na watu ni pori. Aandike upya, karatasi moja.

"Nikaandika upya," Baba akasema. "Hakunipiga. Hakunitisha. Aliniambia tu, nami nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nilijivunia. Nilijivunia hata karatasi ile, Mwaju. Hilo ndilo linalonikera."

Nikamuuliza daftari lile la kurasa sita liko wapi. Alilichoma mwenyewe, aliogopa kukutwa nalo.

"Sasa utaniandika?" akauliza.

Nikasema sijui. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea. Akaenda kutia udhu. Nimeosha vyombo nikilia. Nimemwonea huruma, na nimemkasirikia, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Jumanne, 13 Agosti

Msimamizi amepiga simu, hakutuma ujumbe. Ameona picha. Ameniuliza maswali mengi kwa sauti nyingine kabisa. Je, si matuta ya kulazimishwa na wakoloni? Nimemjibu: matuta ya amri yalipimwa kwa kamba, yana upana mmoja. Haya yanapinda yanapokuta jiwe, yanapungua mteremko unapopungua. Aliyeyachimba alikuwa anausikiliza mlima. Na juu yake kuna michikichi aliyoipanda mzee aliyekufa zamani.

Akasema, "Iandike hivyohivyo."

Nimetembea kutoka ofisi ya walimu hadi darasani kama niliyevaa viatu vipya.

Jumapili, 18 Agosti

Baba hakusema chochote kuhusu karatasi. Tumezungumza bei ya dagaa. Nilipoondoka akaniuliza jina la yule bibi. Nimemwambia. Ameniuliza ni wa mji upi, nikamwambia mji wa juu, karibu na chemchemi. Akafumba macho kidogo.

Nimemwambia mkutano ni Jumamosi. Sikumwomba aje. Nilitaka kumwomba. Woga, au heshima, sijui.

Ijumaa, 23 Agosti

Picha nimezisafisha kubwa, nimezibandika kwenye maboksi yaliyokunjuliwa. Ramani yangu nimeichora kwa mkono: matongo kumi na manne, safu, matuta, magimbi. Ni nzuri. Acha niandike hivyo, hakuna anayenisoma. Ni ramani nzuri kuliko ile ya ukutani.

Nimeamua. Wakiisoma karatasi, nitasema ni ya nani. Nitasema ni baba yangu. Afadhali litoke kinywani mwangu.

Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 24 Agosti

Niandike yote kwa mpangilio, nisisahau.

Mkutano ulianza saa nne kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watu wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kijijini. Afisa alieleza mpango, vizuri, kwa adabu. Mwenyekiti akanipa dakika kumi. Nilitumia ishirini. Nilinyanyua maboksi moja moja. Nilipofika kwenye matuta watu wa nyuma walisimama ili waone, na mzee mmoja akasema kwa sauti jina la aliyekuwa na shamba lile. Mwingine akamkosoa. Wakaanza kubishana mpaka wa nani uliishia wapi. Nilinyamaza nikawasikiliza. Hiyo ndiyo tasnifu yangu, ilikuwa inajisemea yenyewe.

Kisha afisa akanyanyuka na karatasi. Akaisoma yote. *Pori tupu.* Akasema anaheshimu kumbukumbu za wazee, ila serikali haiwezi kupanga ardhi kwa kumbukumbu.

Nilisimama. Nilifungua mdomo. Sauti iliyosikika haikuwa yangu.

"Samahani, Mwenyekiti. Naomba nafasi."

Baba. Kanzu, koti, kofia. Amesimama kando kabisa, vumbi la bodaboda mpaka kwenye ndevu. Sijui alifika saa ngapi. Alikuja mbele polepole, akawasalimia wazee, akapokea karatasi kwa afisa kwa mikono miwili. Akaitazama. Akasema:

"Mwandiko huu ni wangu. Mimi ndiye Idi Sefu. Nililikagua bonde siku mbili. Halikuwa pori. Lilikuwa na miji, na mashamba yenye maharage, na matuta kama alivyoonyesha mwanangu. Niliandika hivyo kwanza. Nikaambiwa niandike upya, nikaandika hii. Nilikuwa kijana, lakini nilikuwa najua kusoma na kuandika, kwa hiyo nilijua ninachokiandika. Hii karatasi si kweli. Naomba mniwie radhi."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemtukana.

Bibi Veronika akanyanyuka kwenye mkeka. Alichukua muda. Nilimwogopa.

"Wewe ndiye uliyezunguka na daftari?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mji wa juu, wa chemchemi. Ulihesabu michikichi?"

"Nilihesabu."

"Mingapi?"

Baba hakufikiri hata kidogo. "Sitini na miwili."

Bibi Veronika akamtazama kutoka kofia hadi viatu. "Sitini na minne," akasema. "Miwili ilikuwa nyuma ya choo. Hukufika."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha uwanja wote. Hata afisa. Baba akacheka akifuta macho. Akasema, kweli, nyuma ya choo sikufika. Bibi Veronika hakucheka. Akakaa chini, akajisogeza kando, akapiga mkeka kwa kiganja. Baba akavua viatu, akakaa pale.

Baada ya hapo yalikuwa maneno ya kawaida ya mkutano. Afisa aliomba ushahidi wa Baba uandikwe kwenye muhtasari, Baba atie saini. Alitia. Chini ya jina akaongeza *Karani*, K yenye mkia uleule. Kura ya mikono ikapigwa. Walioikataa ile rangi ya kijivu walikuwa wengi mno hata mwenyekiti akaacha kuhesabu. Nyakabere itaandikwa mashamba ya kaya na mahame yenye kulindwa. Lazima ipite wilayani bado. Afisa alisema wazi hawezi kuahidi. Lakini kwa sasa kampuni imeambiwa isubiri.

Nimewahi kumwonea fahari Baba kwa mambo madogo: mwandiko, kanzu iliyopigwa pasi, Kiswahili chake. Leo ni kitu kingine. Alitembea kuelekea kwenye karatasi ile akiwa na miaka sabini, mbele ya watu asiowajua. Mimi ni mtoto wa mtu yule.

Jumapili, 25 Agosti

Miguu inauma. Sauti imekwisha. Baba amelala hadi saa tatu, jambo asilolifanya. Bibi Veronika alimfungashia magimbi jana, hakusema ni ya nini. Tumeyachemsha. Tumeyala.

Bibi hajamsamehe Baba, nadhani. Alimwambia wakati wa kuagana kwamba yule mtoto aliyekuwa mgongoni hakumaliza mwaka ule. Hilo nalo linaingia kwenye tasnifu. Sitaliacha nje kwa sababu mkutano uliisha kwa kicheko.

Jumatano, 28 Agosti

Nimerudi kwa kidato cha pili kama nilivyoahidi. Ubao bila kitabu. Nimewachorea Nyakabere. Nimewauliza: kwa nini tuta likingame na maji? Kwa nini mchikichi ukae mpakani? Binti mmoja ambaye hafungui mdomo darasani amenyoosha mkono, akaeleza matuta ya kwa bibi yake, sawasawa kabisa, na akayataja kwa Kiha. Darasa lilimgeukia. Alikaa amenyooka kipindi chote.

Jumapili, 1 Septemba

Ujiji. Likizo fupi imeanza. Upepo unatoka ziwani, karatasi tumezigandamiza kwa vikombe.

Nimempelekea Baba sura ya nne. Nilimwambia nimeandika "karani mmoja", jina naweza kuliacha. Akasoma kurasa zote, kidole chini ya mstari. Saa nzima na zaidi. Nilikaa kwenye baraza nikachambua mchele ambao hauna mawe.

Aliponiita alikuwa na kalamu. Amekata "karani mmoja" kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake ameandika jina lake kamili. Pembeni amesahihisha majina mawili ya Kiha niliyokosea tahajia. Na pale nilipoandika sitini na miwili, ameandika sitini na minne.

Akanirudishia. Akaniuliza kama nitabaki mpaka alasiri.

Nimebaki.